Mama, Mkate wa Mvuke Si Chakula cha Wagonjwa

Guangzhou, Aprili

Kwako Mama, kwa Cucu, kwa Baba Mdogo, na kwa wote watakaosomewa barua hii hapo nyumbani Mitunguu.

Mimi ni mzima, hofu ni kwenu. Tena safari hii hofu yenyewe ni ya kweli, kwani nimepata habari kwamba mmekaa kikao juu yangu. Mama, uliniuliza kwa simu ninakula nini huku, nami nilikuwa ndani ya treni ya chini ya ardhi, nimebanwa pande zote, nikajibu kwa kifupi: asubuhi nakula mkate uliopikwa kwa mvuke. Mtandao ukakata. Kufika jioni Baba Mdogo alikuwa ameshaniandikia kwamba kama mambo yamekuwa magumu niseme ukweli, ndizi zilizokomaa zipo, zitauzwa nitumiwe nauli. Na Cucu, naambiwa, alijifunika leso akalia, kwa sababu chakula cha mvuke kisicho na mafuta amekiona wodini tu, na mgonjwa aliyekuwa akikila hakutoka.

Kwa hiyo nimeona heri niandike kwa kirefu. Atakayesoma asome polepole, na asiruke mahali pa nyama.

Najua Mchina mnayemfahamu ninyi ni yule wa barabara. Mlimwona Thika Road na kofia yake ya plastiki mpaka barabara ikaisha mwaka 2012, mkasema Mchina anachapa kazi, Mchina halali. Ila hakuna aliyemwuliza amekula nini. Mngemwuliza, nisingekuwa na kazi ya kuandika leo.

Kitu chenyewe kinaitwa baozi. Ni unga wa ngano uliotiwa hamira, ukakandwa, ukaachwa uumuke, ukakatwa vidonge, kila kidonge kikasukumwa kikawa duara dogo lenye kingo nyembamba na katikati pameachwa unene kidogo. Hapo wanaweka nyama iliyosagwa na tangawizi na vitunguu vya majani, au kabichi, au maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Kingo zinakunjwa kwa ncha za vidole, kunjo juu ya kunjo, hadi zinakutana juu na kufungwa. Tianjin, mji wa kaskazini, kuna duka liitwalo Goubuli, lililoanza mwaka 1858, linalojivunia kunjo 18 kwa kila baozi. Kisha hakuna kikaango wala tanuri. Baozi zinapangwa ndani ya vikapu vya mviringo vya mwanzi, vikapu vinapandanishwa juu ya maji yanayotokota mpaka vinamzidi kimo mwanafunzi wa darasa la sita, na mvuke unapanda kutoka kikapu cha chini hadi cha juu. Dakika kumi na tano hivi, chakula tayari. Isiyo na kitu ndani inaitwa mantou, na hiyo, Cucu, nakubali, inaweza kumliza mtu.

Wenyewe wana hadithi ya asili yake. Husimulia kwamba katika karne ya 3 waziri mkuu mmoja na jemadari, Zhuge Liang, alikuwa akirudi na majeshi kutoka vita vya kusini, wakafika kwenye mto uliochafuka, na wenyeji wakamwambia mto huo hautulii mpaka utupiwe vichwa vya watu. Zhuge Liang, mtu mwerevu, akaamuru wapishi wakande unga, waufinyange mfano wa kichwa, ndani wajaze nyama ya ng'ombe na kondoo, wautupe majini. Mto ukatulia. Nilipomsimulia mwenzangu wa chumba alifikiri kidogo, akauliza kama kuna aliyebaki na kimoja.

Huyo mwenzangu anaitwa Mombasa. Ana jina lake la kuzaliwa, lakini huku kila mtu huitwa alikotoka: mimi ni Meru, jamaa wa ghorofa ya chini ni Mwanza, na kuna mzee mmoja wa makamo anayeitwa Goma ambaye sijui kama hata yeye analikumbuka jina lake. Mombasa amekuja kununua vitambaa na mapazia. Tunagombana kila siku kwa mambo mawili: Kiswahili changu, ambacho anasema kilipanda mlima kikashindwa kushuka, na chakula. Nguruwe hagusi, hanusi, wala hataki kukaa karibu na sahani iliyowahi kumwona. Mimi, kama mjuavyo, nililelewa katika kanisa lisilokuwa na neno juu ya nguruwe, na barazani mwetu hakuna aliyelitafuta. Kwa hiyo tunapotafuta baozi nzuri tunatafuta vitu viwili kwa miguu minne.

Tunakaa Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, mtaa ambao Waafrika waliuzoea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukisimama mbele ya jengo la Tianxiu utasikia Kilingala, Kihausa, Kiswahili na Kifaransa kabla hujasikia Kichina, ingawa tangu korona wengi waliondoka na hawakurudi. Mwezi huu kidogo pamechangamka kwa sababu ya Maonyesho ya Canton, ambayo tangu mwaka 1957 hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na wateja wangu kutoka Nairobi wanashuka wakiwa na picha za taa na vigae kwenye simu na kuniambia, "Nitafutie hii, lakini ya bei ya chini." Ukutani mwa chumba chetu maji yanatiririka yenyewe; huu ndio msimu wa unyevu, nguo ukianika Jumatatu Alhamisi unaivaa mbichi. Nalitaja hilo si kwa kulalamika. Lina uhusiano na unga, nitafika.

Sasa Baba Mdogo ataniuliza, maana namjua: ikiwa mji mzima unapika baozi, unatafuta nini?

Ni kweli hutembei mbali bila kuona mvuke. Kuna vibanda vya asubuhi, na kuna maduka yanayokesha, ambako baozi zimekaa ndani ya kabati la kioo lenye taa, zinatoka jasho tangu jana. Mgeni huanzia pale, na wengi huishia pale, wakarudi kwao wakasema Wachina hawajui kupika. Baozi hizo hutengenezwa kiwandani, zikagandishwa, zikasambazwa kwa lori, na kazi ya muuzaji ni kuzipasha tu. Unauma unakuta unga, unaendelea unakuta unga, unafika katikati unakuta kijinyama kimoja kimejikunyata kinakuogopa. Bei yake haifiki shilingi sitini za kwetu na bado umeibiwa.

Hata zile zinazokandwa hapo hapo zina njia nyingi za kuharibika, na mimi sasa nazijua zote. Wateja wangu wangeshangaa wakijua ni utaalamu gani hasa niliopata huku. Unga ukiumuka kupita kiasi, ngozi inakunjana na kusinyaa. Moto ukiwa hafifu, unga unabaki mzito na kung'ang'ania meno. Mpishi akiwa na haraka akafunua kifuniko kwa ghafla, baozi inapigwa na baridi, inabonyea, na haiinuki tena hata ukiomba. Halafu kuna suala la kifuniko chenyewe. Mwanzi hunyonya maji. Bati huyarudisha chini kwa matone, na tone moja likiangukia ngozi ya baozi linaacha baka linalonata. Kwa hiyo ukiona vikapu vya mwanzi vilivyopauka kwa kazi, simama. Ukiona masufuria ya bati yanayong'aa, endelea na safari yako, au uwe na njaa kweli.

Lakini sababu kubwa ni kwamba Guangzhou si nchi ya ngano. Wachina wana mpaka wao usio na kibao, unaofuata milima ya Qinling na mto Huai: kaskazini yake mashamba ni ya ngano, kusini yake ni ya mpunga, na sisi tuko kusini kabisa, karibu na bahari. Mwenyeji wa hapa akiamka anataka uji wa mchele uliotiwa vipande vya samaki, au ule mkunjo laini wa unga wa mchele unaomwagiwa mchuzi wa soya. Baozi ya kichochoroni kwake ni kitu cha kushika mkononi ukichelewa kazini. Basi wanaoiuza si wenyeji. Ni watu wa kuja. Wengi wa wauza baozi hawa, Uchina nzima, asili yao ni mkoa wa Anhui, na hasa wilaya moja iitwayo Huaining, ambako kuna mji mdogo wa Jiangzhen uliotoa wapishi wa baozi wakaenea kila jiji la nchi hii. Fikirini Mitunguu yote imeamka asubuhi moja, ikagawana miji ya Kenya, huyu Kisumu, yule Garissa, huyu Lodwar, na kila mmoja amejitwika ndizi zake. Ndivyo walivyofanya. Mimi nilipoelewa hilo niliacha kabisa kuwauliza watu wa Guangzhou baozi nzuri iko wapi. Nikawa nauliza watu wa Anhui wako wapi.

Sitaki wenyeji waseme niliwasahau, kwa maana wao nao wana baozi yao, na ni ya fahari. Hiyo hailiwi ukitembea. Huliwa mezani, asubuhi, kwenye nyumba za chai, na nyingine ni za zamani kweli: Taotaoju ilifunguliwa mwaka 1880, Lianxianglou mwaka 1889, zote upande wa Liwan kwenye mji wa kale. Humo asubuhi mtakuta wazee waliostaafu, kila mmoja na gazeti au mjukuu, wameagiza chai na visahani viwili vya vitafunio, na hawaondoki. Baba Mdogo, huku ungepata kazi ya kudumu.

Chai yenyewe, Mama, haina maziwa. Haina sukari. Na ya kwanza hainywewi, inamwagwa kwenye vikombe na bakuli kuviosha. Hilo naomba lisifike kwa watu wa Nkubu na Kinoro wanaoamka gizani kuchuma majani. Ukitaka birika lijazwe tena huiti mtu. Unakiegemeza kifuniko upande, mhudumu anaona. Na mtu akikumiminia chai unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante. Wanasema ilianza na mfalme Qianlong, aliyekuwa akitembea mikoani bila kujulikana, akammiminia chai mtumishi wake; mtumishi asingeweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akapigisha magoti vidole. Mimi nagonga hadi kwa mtu anayenimiminia maji ya kunywa nyumbani. Mombasa amechoka nami.

Baozi ya hapo ndani yake ina nyama ya nguruwe iliyochomwa ikapakwa asali, ikakatwa vipande vidogo, ikakorogwa katika mchuzi mzito mtamu. Unga wake ni ngano laini isiyo na mvutano, yenye sukari nyingi, na wanaongeza dawa moja ya kuumulia yenye harufu kali ya amonia, ambayo isipotoka yote utafikiri unakula ndani ya duka la nywele. Ndiyo maana moto lazima uwe wa fujo. Ukiwa hivyo, baozi inapasuka juu, inafunguka vipande vitatu au vinne, na nyama inachungulia nje. Isiyopasuka hairuhusiwi kufika mezani. Kwetu andazi likipasuka mpishi anaomba radhi. Hapa ndilo analopandishiwa mshahara.

Ni nzuri. Naandika hivyo nikiwa na mashahidi. Ila nzuri yake ni ya sherehe: tamu, laini mno, inaisha ukiuma mara mbili, na ukimaliza unajiona umekula keki yenye siri. Mfanyakazi wa godauni hawezi kuanza siku nayo. Mombasa alinifuata mara moja, akaagiza chai, akakaa na chai, akaondoka na chai. Alijaribu kuulizia ile ya maharagwe matamu. Mhudumu, mwanamke mkweli, akatikisa kichwa na kuonyesha kwa kidole kwamba hata kwenye unga kuna mafuta ya nguruwe.

Kuna nyingine katika ukoo huo ambayo lazima niwaonye juu yake, ikiwa siku moja mtakuja. Ndani yake kuna kiini cha yai la bata kilichotiwa chumvi, siagi na sukari, na kwa moto vyote vinakuwa uji wa dhahabu unaotokota. Unatakiwa uipasue kwanza kwa vidole, upulize. Mteja wangu mmoja kutoka Nairobi, mtu mzima, mwenye shati jeupe la kuingilia Maonyesho, hakutaka kuelekezwa. Aliingiza meno. Uji ule ulimpita shavuni, ukamvuka begani, ukatua kwenye karatasi ya bei ya vigae ya meza ya jirani. Tulipoteza asubuhi nzima kumtafutia shati, na jirani yule, ambaye kumbe alikuwa na kiwanda, akatuuzia vigae. Kwa hiyo sisemi ni mbaya.

Ijumaa ni siku ya Mombasa. Tunatoka pamoja hadi msikiti wa Xianxian, ambako wenyeji huamini ndiko alikozikwa Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Yeye anaingia kuswali, mimi nabaki kwenye miti kulinda viatu visivyohitaji kulindwa. Baada ya swala ni zamu yake kuchagua mahali pa kula, na huchagua hoteli ya Wauyghuri, Waislamu wa magharibi ya mbali, karibu na mpaka wa Kazakistani. Hao wana manta: unga mwembamba usio na hamira, ndani nyama ya kondoo iliyokatwa kwa kisu na vitunguu vingi, imepikwa kwa mvuke, mafuta yanatiririka hadi kiwiko. Kitu hiki kimetembea. Uzbekistani wanacho, Uturuki wanacho kwa umbo dogo. Cucu, ukisikia kondoo, mafuta na vitunguu, nadhani machozi yatakauka.

Lakini siku ya kwanza Mombasa hakuitazama manta. Aliona sahani ya pili, ile ya samsa, ya unga uliokunjwa ukabandikwa ukutani mwa tanuri, na ndani nyama ile ile. Akauma. Akaacha kutafuna. "Hii ni sambusa," akasema, "wameitesa tu." Akataka kumwona mwenye hoteli amweleze ilitoka kwao lini na nani aliruhusu. Nilimkumbusha kwamba sambusa imefika Mombasa ikitokea huku huku Asia. Akanuna hadi Jumatatu.

Na sasa nifike kwa Mama Baozi.

Nyuma ya jengo letu kuna kichochoro ambacho pikipiki mbili hazipishani. Mwishoni kuna duka, kama ni duka. Ni mlango wenye meza. Wenyewe ni mume na mke kutoka Huaining, Anhui, na mke ndiye mkuu. Saa tisa usiku wameshaamka. Yeye hatumii hamira ya paketi peke yake. Kila usiku anabakiza donge la unga wa jana, limechacha, linachanganywa na wa leo, kisha anatia magadi kuua ule uchachu. Magadi kiasi gani, hapo ndipo kazi. Yakizidi, unga unakuwa wa njano na kunuka sabuni. Yakipungua, unauma siki. Na katika unyevu huu wa Aprili niliowatajia, unga unachacha upesi kuliko ulivyochacha Januari, hivyo kipimo cha jana ni uongo leo. Yeye hapimi. Anakata unga kwa kisu, ananusa, anautazama matundu, anaupiga kofi, anasikiliza. Mumewe anasubiri hukumu akiwa ameshika bakuli la magadi, haongei. Hata wazee wa Njuri Ncheke sijaona wakisubiriwa kwa heshima ile.

Nyama nayo inakorogwa na maji ya tangawizi na vitunguu, kidogo kidogo, kwa mkono unaozunguka upande mmoja tu, mpaka nyama inameza maji yote. Ikipikwa yanatoka tena yakiwa mchuzi. Ngozi ya chini inaunywa, ya juu inabaki kavu na kurudi ukiibonyeza. Nyama ipo kuanzia unapouma mara ya pili. Hakuna kutafuta. Hiyo ndiyo baozi nzuri, Mama, na ukinikuta naila alfajiri, nimesimama kichochoroni, miwani imejaa ukungu, huwezi kumwita mtu wa namna hiyo mgonjwa.

Lakini uwahi. Kikapu cha kwanza hufunguliwa kabla ya saa kumi na mbili na robo, na wanaokuwepo ni wafagiaji barabara, madereva wa teksi wanaofunga zamu, na wabeba mizigo, karibu wote watu wa mikoani. Saa tatu ikigonga amebaki na mantou. Malipo ni kwa simu: unaonyesha simu kwenye kibandiko ukutani, na kijispika juu ya rafu kinatangaza kwa sauti kiasi ulicholipa, kichochoro chote kisikie. Nilimweleza kwamba kwetu tulianza kulipa kwa simu mwaka 2007, na mama mboga wetu hakuhitaji tarumbeta. Alimgeukia mumewe wakazungumza kwa muda mrefu. Nadhani hawakuamini.

Ilibaki shida ya Mombasa. Kwa wiki kadhaa alisimama kando akinywa maziwa ya soya na kunitazama nikila, macho hayo hata mkopeshaji hana. Mama Baozi akauliza ana ugonjwa gani. Tukaeleza. Alikwenda akanunua kikapu kipya, akakifunga uzi mwekundu, akaleta ubao mwingine na kisu kingine, akaanza kumpikia baozi za mayai na majani ya vitunguu saumu, kwa mafuta ya karanga, kwenye jiko la pembeni. Mombasa alifanya ukaguzi. Aliangalia chupa ya mafuta, akanusa kisu, akamwuliza mume maswali kupitia programu ya kutafsiri, na programu ilipojibu akaiuliza tena. Kisha akala tano. Tangu siku hiyo hanisemi tena juu ya Kiswahili changu kabla ya saa mbili asubuhi.

Mama Baozi ana mtoto wa kiume, miaka minane, kijijini na bibi yake; wengi wa hawa wahamiaji ndivyo wanavyoishi, watoto wanaachwa kwa bibi na kuonana kwa simu. Siku moja akaniwekea simu usoni nimsalimie. Mtoto akauliza kama kwetu kuna simba. Nikamwambia Mitunguu kuna ndizi, na mpapai, na maji ya mto Thingithu yanayoshuka kwenye mabomba tangu miaka ya 1980 na kurushwa shambani na vinyunyizio vinavyozunguka. Alisikitika sana. Mombasa akaingilia kuokoa heshima ya Kenya, akamweleza kwamba mwaka 1415 watu wa Malindi walimletea mfalme wa Uchina twiga mzima mzima kwa meli, zama zile za Zheng He, nahodha wao mkuu, ambaye naye alikuwa Mwislamu. Mtoto akafurahi, akauliza Mombasa wao walileta nini. Hapo simu ikarudishwa kwa mama yake.

Mama, nimejaribu hata kuweka mukimo wako ndani ya baozi. Ndizi mbichi zinapatikana. Watu wa mkoa huu wa Guangdong nao ni wakulima wa ndizi, ingawa nimezionja na sina neno la kusema mbele ya watu wa Mitunguu. Viazi vipo, mahindi yapo, na majani ya malenge yanauzwa sokoni yamefungwa mafungu. Nilipika, nikaponda, nikapeleka bakuli. Mama Baozi akachota kwa kidole, akafumba macho, akasema kinakosa tangawizi. Akatia tangawizi. Mumewe akaonja, akasema kinakosa nguruwe. Mombasa akaonja, akasema kinakosa Mombasa. Zikapikwa kwenye kikapu chenye uzi mwekundu. Sikatai zilikuwa nzito, na rangi ile ya kijani ikichungulia kwenye unga mweupe iliwatisha wafagiaji. Lakini mzee mmoja dereva wa teksi alinunua mbili, kesho yake akarudi akaulizia, na Mama Baozi sasa ananidai mapishi. Namwambia ni ya mama yangu, aandike barua aombe.

Ukitaka kujaribu hapo nyumbani huhitaji mwanzi. Chukua sufuria kubwa, maji robo, ndani yake simamisha bakuli la bati limefunikwa chini juu, na juu ya bakuli weka sahani yenye nafasi pembeni ya kupitisha mvuke. Tandika jani la ndizi lililopitishwa motoni kidogo ili lisipasuke, upande baozi juu yake, uziachanishe kwa maana zitanenepa. Unga uwe mweupe wa kawaida, hamira, sukari kijiko, maji ya vuguvugu. Ukande mpaka mkono ukatae, uuache uumuke. Nyama iwe ya mbuzi na isiwe kavu. Kifuniko ukifunge kwa kitambaa safi kinyonye matone. Usifunue, Mama. Najua utataka kuchungulia. Moto ukishazimwa ngoja kidogo ndipo uinue kifuniko, taratibu, ukielekeza mvuke mbali na uso.

Baba Mdogo, lile la pampu ya maji uliyonitumia picha nimelifuatilia mpaka kiwandani. Ni nzuri, na bei inazungumzika, lakini hawauzi chini ya pampu mia moja kwa mara moja. Niliwaambia ni kwa shamba moja la ndizi. Wakaniambia nitafute mashamba mengine tisini na tisa. Zungumza na wenzako pale sokoni. Mkifika idadi, nipigieni. Ila saa za huku zimewatangulia tano, na wewe una tabia ya kupiga saa nne za usiku, ambapo kwangu ni saa tisa na anayekuwa macho ni Mama Baozi peke yake. Ukirudia, nitashuka na kumpa simu, akuelezee habari za magadi kwa Kichina mpaka salio likuishie.

Mimi mwanenu,
Meru wa Xiaobei